Utengenezaji wa Taswira za Rada kwa Data za Pembe Pana: Mfano wa Mashamba ya Matuta, Bariadi

Makala hii inafafanua swali moja la msingi: je, data za rada zilizokusanywa kwa pembe pana ziunganishwe zote kwa pamoja, au zigawanywe kwanza? Mfano unaotumika ni mashamba ya pamba ya Bariadi, mkoani Simiyu. Pamba hupandwa wakati wa mvua, ambapo mawingu huzuia kamera za setilaiti, ilhali mawimbi ya rada huyapenya.

Rada ya taswira hukusanya mwangwi huku chombo kinachoibeba kikisogea. Kadiri pembe ya utazamaji inavyopanuka, ndivyo vitu vilivyokaribiana vinavyotenganishwa vizuri zaidi. Kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 3, pembe ya nyuzi 1 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takribani sentimita 86. Pembe ya nyuzi 60 hufikisha kipimo hicho sentimita 1.5.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina sharti kwamba kitu kirudishe mwangwi ulio sawa kutoka kila upande. Shina la mti hukaribia sharti hilo, matuta hayalitimizi. Kabla miche haijafunika ardhi, matuta hung'aa rada inapoyatazama kwa mkabala, kisha hufifia pembe inapobadilika. Tuseme shamba hung'aa kwa nyuzi 2 tu kati ya 60. Data zote zikijumlishwa, mwangwi huo humezwa na kelele za nyuzi 58 zilizobaki.

Suluhisho mojawapo ni kugawa data katika vipande vya pembe, kutengeneza taswira ya kila kipande, kisha kuchukua thamani kubwa kuliko zote katika kila pikseli. Pembe iliyotoa thamani hiyo pia huonyesha mwelekeo wa matuta. Gharama zake ni mbili: kila taswira hupoteza sehemu ya uwezo wa kutenganisha vitu, na uteuzi wa thamani kubwa hukuza kelele kadiri vipande vinavyoongezeka. Kwa hiyo, kizingiti cha kutambua mashamba hakina budi kurekebishwa kulingana na idadi ya vipande.

Setilaiti za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hutumia pembe isiyofikia nyuzi 1 katika hali yao ya kawaida ya upigaji picha. Data za pembe pana kwa kawaida hukusanywa kwa ndege. Utafiti unaokadiria eneo la pamba hauna budi kuzingatia tofauti hiyo, la sivyo shamba litaachwa nje ya hesabu kwa sababu ya mwelekeo wa matuta yake, wala si kwa kukosa zao.