Mlima unaoimba kesi yake

Mwaka 1982 Rwenzururu, ufalme wa mlimani magharibi mwa Uganda, ilipata habari mbili. Moja ilienea nchi nzima, nyingine ikapita bila kelele. Ya kwanza ilikuwa ya Agosti 15. Charles Wesley Mumbere, aliyerithi kiti cha baba yake akiwa bado mtoto, aliteremka mlimani na wapiganaji wake wakakabidhi silaha kwa serikali ya Milton Obote. Ya pili ilikuwa makala katika jarida la Africa, iliyoandikwa na Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha muziki Kyambogo miaka ya 1960, pamoja na Martin Doornbos, mtafiti wa siasa kutoka Uholanzi. Makala hiyo ilihusu nyimbo za malalamiko za Rwenzururu. Yaani mwaka uleule bunduki zilipowekwa chini, nyimbo ziliingia maktabani.

Bunduki zilihesabiwa zikaandikwa kwenye orodha. Nyimbo zilibaki mikononi mwa wenyewe, na mpaka leo, ukitaka kujua Kasese, wilaya ya mlima huo, ina kinyongo gani na nani, utafika mbali zaidi kwa kukaa kwenye msiba wa Wakonzo jioni kuliko kwa kusoma hotuba za bungeni.

Kinyongo chenyewe kina umri mrefu. Mkataba wa Toro wa 1900 ulimpa Omukama Kasagama, mfalme wa Toro, utawala juu ya watu wa mlimani, Wakonzo na Waamba, ambao hawakuulizwa. Machifu wakatoka Toro, kodi ikaenda Toro, na mtoto wa Kikonzo aliyetaka kusoma alisoma kwa Kitoro, akasali kwa Kitoro, na akifika mahakamani akajitetea kwa Kitoro. Mwaka 1919 watu walikataa. Viongozi watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walinyongwa mwaka 1921. Mtoto wa Kasese anayajua majina hayo matatu kabla hajajua jina la gavana yeyote wa Uganda, na hakuyapata kwenye kitabu cha darasani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba uasi wa pili haukuanza na mkuki. Mwaka 1954 mwalimu mmoja, Isaya Mukirane, baba yake Mumbere, alianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Jina refu la chama hicho lingefaa idara ya chuo kikuu, na pengine ndiyo sababu wakubwa wa Toro huko Fort Portal hawakulishtukia mapema. Wanachama walikusanya habari za koo, mila na masimulizi ya wazee. Mwaka huohuo kijana Mwingereza, mwandishi Tom Stacey, alizunguka milima akiwa na Mukirane, na baadaye, mwaka 1965, akatoa kitabu cha Summons to Ruwenzori. Watu walianza kwa kujikumbusha wao ni nani. Walipokwisha kukumbuka, siasa ikafuata yenyewe: Mukirane na wenzake walitoka kwenye baraza la Toro, na Juni 30, 1962, zikiwa zimebaki siku mia moja hivi Uganda ipate uhuru wake, wakatangaza kwamba Rwenzururu imejitenga na Toro.

Mapema 1963 Kampala ikatangaza hali ya hatari. Obote alimwita Stacey aje apatanishe; Stacey akapanda mlima, akashuka mikono mitupu. Mukirane alikwisha kuwa mfalme, Omusinga, na alipofariki mwaka 1966 akiwa bado huko juu, aliacha dola ndogo yenye bendera, kodi, shule na mahakama zake. Ilikosa kitu kimoja tu ambacho kila dola inakihitaji: kituo cha redio. Kazi ya redio ikafanywa na waimbaji.

Tuseme wewe ni mjumbe mwaka 1964, unashuka kutoka kijiji cha juu kwenda Bwera, mji wa mpakani, na njiani kuna askari. Barua ikikutwa kwenye mkoba wako, umekwisha. Lakini askari atafanya nini akikukuta na wimbo? Kwanza haelewi lugha. Pili, kila mtu barabarani anaimba, wakiwemo wanaotoka kanisani. Tatu, ukiwa na mashaka na wimbo unaweza kuunyamazisha ukaendelea kuwa nao. Kwa hiyo habari za nani kauawa wapi, chifu gani kahama na nani kasaliti, zilipanda na kushuka milima kwa sauti za watu, kila kijiji kikiongeza lake.

Vyombo navyo vilisaidia. Marimba ya Wakonzo, endara, haibebwi na mtu mmoja wala haining'inizwi ukutani. Wanaume hulaza vigogo viwili vya mgomba chini, sambamba, juu yake wakapanga magogo marefu ya mti mwepesi yaliyochongwa kwa ukubwa tofauti, na katikati ya gogo na gogo wakachomeka vijiti ndani ya mgomba ili lisiteleze. Wapigaji huketi pande mbili, wakitazamana, kila mmoja na fimbo zake, na kila mmoja ana sehemu yake tu ya sauti. Pembeni kuna ngoma, na kuna filimbi za eluma, ambazo nazo zina sheria ya ajabu: kila filimbi ina noti yake moja, kwa hiyo tuni haipatikani mpaka wapulizaji wote wawepo na kila mmoja aingie kwa zamu yake. Shughuli ikiisha, iwe tohara au matanga, magogo huondolewa na migomba huachwa ioze. Hakuna mtu anayeweza kusema "muziki huu ni wangu", na hakuna polisi anayeweza kuukamata wote.

Halafu kuna suala la majina, ambalo mgeni huchelewa kulitambua. Wakonzo humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Sasa mtunzi akiimba kwamba Bwambale hajarudi, au Masika anamlilia baba yake, ametaja nani? Ametaja nyumba moja, na hapohapo ametaja kila nyumba kijijini. Jirani wa marehemu anajua ni Bwambale yupi. Mpelelezi akiuliza, ana Bwambale mia tatu wa kuwahoji. Sidhani kama mila hiyo ilibuniwa kwa ajili ya siasa, lakini siasa haijawahi kupata hasara kwayo.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipoimba kisa cha Kijiti, muuaji aliyevuka bahari akaponyoka huku mashahidi wakiishia kuadhibiwa, aliiweka hukumu ya mahakama ya kikoloni mbele ya baraza la watu wa Unguja, nao wakaihukumu upya. Jalada la kesi ile limeonwa na watu wachache. Wimbo unajulikana mpaka sasa.

Tofauti ya Kasese ni kwamba kesi haijafungwa. Mumbere alikaa Marekani miaka mingi, akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba za uuguzi, kisha akarudi, na mwaka 2009 serikali ya Yoweri Museveni ikautambua ufalme wake, Obusinga bwa Rwenzururu, kama taasisi ya utamaduni. Nyimbo zilizokuwa za porini zikaimbwa jukwaani, mbele ya mawaziri, kila Oktoba 19, siku ya kumbukumbu ya kutawazwa. Kwa muda ilionekana zimestaafu.

Kisha ikaja Novemba 2016. Jumamosi ya tarehe 26 kulikuwa na mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa mfalme katika sehemu mbalimbali za wilaya. Jumapili ya tarehe 27 jeshi na polisi wakaivamia ikulu ya mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch lilisema watu zaidi ya 150 waliuawa katika siku hizo mbili, polisi 14 wakiwa miongoni mwao, na kwamba katika miili ya ikulu kulikuwa na ya watoto. Mumbere alikamatwa. Akakamatwa pia Joy Doreen Biira, mwandishi wa televisheni aliyekuwa akifanya kazi Kenya na aliyekuwa amekwenda nyumbani. Alishutumiwa kusaidia ugaidi kwa sababu ya picha za ikulu ikiungua. Kesi yake baadaye ilifutwa. Lakini ujumbe ulikwisha kuwafikia wenye simu: ukipiga picha, utaulizwa.

Picha ina saa, ina mahali, na ina simu iliyoipiga. Wimbo hauna hata kimoja. Ndiyo maana nadhani miaka saba iliyofuata, wakati mfalme amezuiwa kutoka Kampala na wilaya chache za jirani, iliwarudisha watu kwenye njia ya 1964, safari hii kwa msaada wa kadi za kumbukumbu na WhatsApp. Juni 2023 mashtaka ya uhaini, ugaidi na mauaji yaliondolewa. Oktoba mwaka huo Mumbere akarudi Kasese, barabara zikajaa watu wakiimba. Mei 2024 Marekani ilimwekea Peter Elwelu, aliyekuwa kamanda wa jeshi katika uvamizi wa ikulu, marufuku ya kuingia nchini humo. Mahakama ya Uganda haijamhukumu mtu yeyote kwa vifo vya ikulu.

Hapa ndipo inapobidi kuusifu wimbo kwa tahadhari. Wimbo unakumbuka, lakini unakumbuka kwa upande wake. Ule unaowalilia walinzi wa ikulu hauwalilii polisi waliokatwa mapanga siku iliyotangulia, ingawa nao walikuwa na akina mama wa kuwalilia. Mauaji ya kulipizana ya miaka ya 1960 yaliwagusa Watoro wa tambarare pia, na huko Fort Portal wana masimulizi yao ambayo hayafanani na ya Bwera. Waamba, waliokuwa bega kwa bega na Wakonzo mwaka 1962, wamejikuta wakiwa kiitikio katika hadithi inayosimuliwa kwa Kikonzo. Haishangazi kwamba leo wana kiongozi wao wa jadi, Omudhingiya wa Bwamba.

Na kuna jina moja ambalo lingemtoa jasho mtunzi yeyote: Amon Bazira. Huyu Mkonzo ndiye aliyeshughulikia mapatano ya 1982. Obote alipopinduliwa, Bazira aliingia upinzani, akaanzisha kundi la waasi la NALU lililochota watu na hasira kutoka mabaki ya Rwenzururu. Aliuawa Kenya mwaka 1993. Mabaki ya kundi lake yaliungana na wengine huko Kongo, wakawa kundi la waasi la ADF, na Novemba 1996 wakavuka mpaka wakashambulia Mpondwe, hatua chache kutoka Bwera. Mpatanishi, mwasi, na babu wa kundi linalowaua watu wa kabila lake mwenyewe pande zote za mpaka: ubeti mmoja utambeba vipi mtu huyo?

Bwera ndiyo inayolipa bei ya swali hilo. Mji huu umeegemea mpaka. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na watu wa ng'ambo ni Wanande, ndugu wa damu na wa lugha wa Wakonzo, wenye endara ileile mpaka Butembo. Siku za soko Mpondwe, akina mama wanapatana bei ya samaki wa chumvi, vitenge na maharage kwa Kikonzo, na anapotokea asiyekijua, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo. Wakati wa Idi Amin na baada yake kahawa ya magendo ilipita hapa usiku, na sehemu ya fedha zake iliulisha ufalme wa mlimani. Juni 16, 2023, wapiganaji wa ADF walipita mpakani hapohapo, wakaingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakachoma bweni. Walikufa zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi.

Utaratibu wa zamani wa nyimbo za Rwenzururu unamtambua adui haraka: anatoka chini, ana cheo, ana kodi ya kudai. Waliochoma bweni hawakutoka chini. Walitoka msitu uleule uliowahi kuwaficha akina baba. Watoto waliokufa hawakufa kwa ajili ya Rwenzururu wala kwa ajili ya Uganda. Kwa msiba wa namna hiyo muziki wa malalamiko hauna mtu wa kumlalamikia, na nadhani ndiyo sababu kanisa, lenye nyimbo zisizohitaji adui wa kibinadamu, limebeba mzigo mkubwa wa maombolezo hayo kuliko endara.

Kuhusu kuzihifadhi nyimbo zenyewe, kuna jambo moja la kiutendaji ambalo halihitaji kungoja siasa itulie. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akirekodi muziki kati ya 1949 na 1954. Kanda zake ziko Maktaba ya Uingereza, London. Huko ndiko ziliko pia kanda za Cooke. Nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kwenye hifadhi iliyopewa jina la Wachsmann, na hilo ni jema. Lakini kutoka Bwera mpaka Makerere ni safari ya siku nzima kwa basi, na nauli yake ni fedha ambayo mzee wa filimbi hana. Nakala kwenye diski moja, ikiwekwa katika maktaba ya wilaya Kasese na nyingine katika shule yoyote ya Bwera yenye umeme, haitagharimu hata bei ya mahema ya sherehe moja ya Oktoba 19. Wapo wazee ambao wangeweza bado kusema nani anayepiga gogo la tatu kwenye kanda ya Cooke, na Bwambale anayetajwa humo alikuwa mtoto wa nani.