Koki Nyuma ya Bega

Bodaboda inapopanda mwinuko kuja Rungwe Mpya ikitokea Kasulu mjini, kuna siku injini huanza kukohoa katikati ya njia. Dereva mzoefu hasimami. Mkono wake wa kushoto unashuka ubavuni mwa tangi, vidole vinaikuta koki, anaigeuza kwenda rizevu, injini inapata mafuta na safari inaendelea. Macho yake hayajaondoka kwenye makorongo ya barabara. Abiria, pengine mama mwenye mtoto mgongoni, hana habari kwamba kulikuwa na tatizo. Nimepanda pikipiki hizo miaka mingi, na kila mara namshukuru kimoyomoyo mtu nisiyemjua: yule aliyeichora pikipiki akaamua koki ikae pale ambapo mkono unafika wenyewe.

Nataka kuzungumzia miradi yetu ya vijijini, ila nitaanzia kwenye ndege ndogo, zile ambazo watu hujiundia nyumbani.

Afrika Mashariki imekuwa na watu wa namna hiyo. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, alijulikana kuanzia mwaka 2010 kwa kuunda ndege kwa mikono yake, akitumia injini ya Toyota na pangaboi la mbao, maarifa mengi akiyaokota kwenye intaneti. Arusha, mhandisi Abdi Mjema wa Chuo cha Ufundi alishika kazi ya kuunda helikopta. Na Juni 2019, vijana wa Afrika Kusini wakiongozwa na Megan Werner, binti wa miaka 17, waliondoka Cape Town kwenda Cairo kwa ndege ya viti vinne aina ya Sling 4. Vijana 20 walikuwa wameiunganisha kutoka kwenye vipande vya kiwandani kwa wiki tatu tu, na njiani ilitua Zanzibar. Jambo moja katika kazi yao halikusemwa sana: mbavu, mabawa na mkia walivifunga wenyewe kwa ribiti, lakini injini na vyombo vya rubani viliachiwa mafundi waliobobea.

Waundaji wa ndege za nyumbani wanaelewa kwa nini. Wana msemo wao wa siku nyingi: ukimaliza asilimia 90 ya ndege, umebakiwa na asilimia 90. Bawa likishapigwa ribiti, jirani anaita wenzake waje kupiga picha. Baada ya hapo fundi anaingia kwenye tundu lenye upana wa mabega mawili, na hapo miezi inapita bila mtu wa nje kuona kilichoongezeka.

Anafanya nini humo? Anapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye ncha inayopokea upepo hadi kwenye geji ya mwendo, na mwingine unaopeleka hewa iliyotulia kwenye geji ya kimo. Mrija ukivuja kidogo tu, geji zitamdanganya rubani. Anaifunga dira, kisha anagundua kwamba kila akiwasha taa sindano inahama, kwa kuwa waya wenye umeme umepita karibu nayo, au kuna skrubu ya chuma pembeni. Anaitoa ndege nje, anaielekeza kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, anaandika kwenye kadi dira imekosea kiasi gani kila upande, na kadi hiyo anaibandika mbele ya macho ya rubani. Kwenye geji ya mwendo kuna upinde wa kijani wa mwendo wa kawaida, wa njano wa tahadhari, na mstari mwekundu usiovukwa kamwe. Rangi zile ni maneno ambayo fundi anamwachia mtu atakayekuwa peke yake angani.

Hapa kwetu milimani geji hizo zina somo la ziada. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko zaidi ya mita 1,200. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na sindano ya mwendo inaposoma namba ileile ya pwani, magurudumu kwa kweli yanakimbia kasi zaidi, kwa hiyo ndege inadai uwanja mrefu zaidi. Mchoro ni mmoja, ardhi ni mbili. Mwenye kuleta mchoro kutoka pwani bila kuuliza kimo cha Kasulu amekosea kabla hajaanza.

Sasa nirudi kwenye koki.

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki wa Marekani John Denver alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake kwenye ndege ya viti viwili aina ya Long-EZ iliyoundwa nyumbani. Hakuwa ameiunda yeye. Alikuwa ameinunua, na ilikuwa mikononi mwake kwa muda mfupi sana. Michoro ya ndege hiyo, kazi ya Burt Rutan, iliweka koki ya kubadilisha tangi la mafuta mbele, katikati ya miguu ya rubani. Aliyeunda ndege ile hakutaka mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani. Ilikuwa nia njema kabisa, ya kuogopa moto. Akaihamishia koki nyuma ya bega la kushoto.

Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Marekani walikaa kwenye kiti cha namna ile wakajaribu. Ili kuifikia koki, rubani alilazimika kuachia usukani, kulegeza mkanda wa bega na kugeuza kiwiliwili chote kushoto. Mwili ukijipinda hivyo, mguu wa kulia unatafuta pa kujikaza, na palipo mbele yake ni pedali inayopindisha ndege. Koki yenyewe haikuwa na alama. Vipimo vya mafuta vilikuwa nyuma, navyo havina alama. Kabla ya kuruka, Denver na fundi wa uwanjani walijaribu kurefusha mkono wa koki kwa koleo, haikusaidia. Fundi akampa kioo kidogo cha kumwezesha kuona vipimo vilivyo nyuma yake. Aliruka na kioo hicho. Miongoni mwa sababu za ajali, wachunguzi waliandika wazi uamuzi wa muundaji kuiweka koki mahali pagumu kufikika, pamoja na rubani kutojiandaa vya kutosha.

Huwa nafikiria sana kile kioo. Watu wawili walikuwa wameona kabisa kwamba kuna kasoro, na bado safari ikaanza, kwa sababu ndege ilikuwa imeshakamilika. Ilikuwa na mabawa na inaruka. Nani angeirudisha kwenye karakana kwa ajili ya koki?

Katika kijiji kimoja cha wilaya hizi za Kasulu na Kibondo niliingia kwenye zahanati mpya. Wananchi walichoma matofali, wakabeba mchanga na maji kichwani, wakasimamisha boma hadi renta; serikali ikaleta bati, saruji na vifaa vya umaliziaji. Ni kazi ya kujivunia, nami naijivunia. Muuguzi alinikaribisha kwa upole, akanionyesha chumba cha kujifungulia. Kitanda kipo, sinki lipo, taa ipo. Nilitafuta swichi ukutani sikuiona.

"Iko koridoni, mwalimu," aliniambia. "Nyuma ya mlango ule mwingine."

Waya ulikuwa mfupi zaidi kwa njia hiyo, ndiyo maana. Alinisimulia usiku mmoja alipokuwa na mama aliyekuwa anasukuma, umeme ukakatika, ukarudi, taa ya chumba haikuwaka. Ilimbidi amwache yule mama, atoke hadi koridoni akapapase swichi. Mtoto alizaliwa salama. Tangu siku hiyo yeye huwa na tochi shingoni, imefungwa kwa uzi wa kitenge.

Nilipoiona ile tochi nilikumbuka kioo cha Denver.

Miradi yetu huhesabiwa kwa kile kinachoonekana ukiwa barabarani: boma, paa, rangi, jiwe la msingi. Taarifa husema asilimia 90 na sote tunapiga makofi, kwa haki, maana jasho limemwagika. Lakini mradi mtu huutumia kwa mkono wake, usiku, akiwa na haraka. Thamani yake iko kwenye urefu wa bomba, upande mlango unakofungukia, mahali swichi ilipo. Mambo hayo huachwa mwisho, fedha zimepungua na kila mtu amechoka, na mwenye kuyaamua mara nyingi ni fundi aliyeachwa peke yake na waya mkononi.

Waundaji wa ndege wana dawa yake, na haina gharama. Kabla ya kukata bati la dashibodi hukata maboksi. Huchora geji kwa kalamu, hubandika vizibo vya chupa mahali pa swichi, kisha mmoja hukaa kwenye kiti, hufunga mkanda na kufumba macho. Mwenzake anataja: koki, redio, taa. Mkono ukipapasa, kizibo kinahamishwa. Hurudia hivyo siku nyingi hadi mkono uende wenyewe.

Nilimweleza mwenyekiti wa kamati ya ujenzi habari ya maboksi hayo, wakati wanajiandaa na jengo la pili la zahanati. Hakusema mengi. Wiki ya kuweka umeme ilipofika alimwita muuguzi, akampa kipande cha chaki. Muuguzi alisimama mahali kitanda kitakapokaa, akainama kana kwamba ameshika mtoto, akanyoosha mkono wa kushoto bila kugeuka. Palepale vidole vilipogusa ukuta akachora msalaba mdogo. Fundi umeme akapima, akasema itaongezeka mita nne za waya.

"Weka," mwenyekiti akasema.