Kipimo cha Maji cha Mkononi: Kinachosema Kuhusu Kisima Chako na Kisichosema

Mkaazi wa Kibuyuni hahitaji mashine kumwambia kwamba maji ya kisima yana chumvi. Ulimi unatosha. Lakini ulimi hauwezi kukumbuka chumvi ilikuwa kiasi gani kaskazi iliyopita. Tena haionji nitreti iliyopenya kutoka chooni, wala risasi iliyoyeyuka majini. Kwa kazi hiyo kuna vifaa vidogo vya mkononi vinavyotoa jibu pale pale kisimani. Makala haya yanaeleza vinavyofanya kazi, na kwa nini nambari nzuri kwenye kioo chake haitoshi kukuhakikishia kwamba maji ni salama.

Kwa nini visima vya ukanda huu vinahitaji kuangaliwa

Kibuyuni na majirani zake wamekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ni mwamba wenye nyufa na mapango. Shimoni yenyewe imepata jina kutokana na pango. Mvua inazama haraka ndani yake, jambo ambalo ni neema. Hata hivyo, maji machafu ya chooni nayo yanapita njia hizo hizo.

Chini ya ardhi, maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Hesabu ya wataalamu inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hivyo, tukivuta maji mengi kuliko mvua inayorudisha, kiwango kikishuka kidogo tu juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Watafiti waliofuatilia visima vya eneo la Msambweni wakati wa ukame wa 2016 na 2017 walikuta kwamba mvua iliyofika kwenye maji ya ardhini ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kifaa kinavyofanya kazi

Wengi wetu tumeshakiona kifaa cha aina hii. Kipimo cha sukari, ambacho wahudumu wa afya ya jamii hutembea nacho, ni mfano mmoja. Tone la damu linagusa kijikaratasi chenye elektrodi, kemikali inabadilika, umeme mdogo unatokea, na kifaa kinausoma umeme huo kuwa nambari. Vipimo vya maji vinafuata kanuni hiyo hiyo ya kugeuza kemia kuwa umeme. Vile vya kawaida ni vya aina tatu.

*Kipimo cha chumvi.* Elektrodi huzamishwa majini na umeme hupitishwa. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Jibu hutolewa kwa mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari hufika takriban 50,000. Kwa maji ya kunywa ya kisima yasiyotibiwa, kiwango kinachotumika Kenya hakizidi 2,500.

*Kipimo cha nitreti au floraidi.* Elektrodi hii ina utando unaochagua kemikali moja. Kadiri kemikali hiyo inavyozidi, ndivyo volti inavyobadilika. Shirika la Afya Duniani linasema nitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, na floraidi isizidi miligramu 1.5.

*Kipimo cha metali nzito.* Umeme kwanza hukusanya risasi, kadmiamu au shaba juu ya elektrodi, kisha huzibandua moja baada ya nyingine. Kila metali hubanduka kwa volti yake, kwa hivyo kifaa kinatambua ni metali gani na ni kiasi gani. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kifaa cha bei nafuu kinachoweza kupima sukari ya damu na pia metali majini, kisha kutuma majibu kwa kutumia simu ya kawaida.

Mahali kinapoweza kudanganya

Hapa wakaazi wa pwani wawe macho. Utando wa kipimo cha nitreti hauchagui kikamilifu. Kloridi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, inaweza kuuchanganya. Kisima chenye chumvi nyingi kinaweza kuonyesha nitreti nyingi kuliko iliyopo. Ndiyo maana chumvi ipimwe kwanza, na nitreti ikionekana juu, sampuli ipelekwe maabara kabla ya kisima kufungwa au jirani kulaumiwa kwa sababu ya choo chake.

Vipimo vingine huandika nitreti yote, vingine huandika nitrojeni iliyo ndani yake pekee. Miligramu 50 za nitreti ni sawa na takriban 11 za nitrojeni. Mpimaji aulizwe ni ipi anayoisoma.

Joto nalo hubadilisha kipimo cha chumvi kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii. Vifaa vizuri hurekebisha jambo hilo vyenyewe. Kila kifaa lazima kijaribiwe kwanza kwa maji maalumu ambayo kiwango chake kinajulikana. Ukiona mpimaji anaruka hatua hiyo, una haki ya kumuuliza.

Kisichosema kabisa

Vipimo hivi vitatu havioni vijidudu. Maji yanaweza kuwa matamu, nambari zake zote nzuri, na bado yakabeba kipindupindu au homa ya matumbo. Kipimo cha vijidudu vya kinyesi huhitaji sampuli kulazwa kwenye joto maalumu kwa takriban siku nzima.

Kinyume chake pia ni kweli. Kuchemsha na kutia dawa ya klorini huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi, nitreti wala risasi. Kuchemsha kwa muda mrefu hata huzidisha chumvi na nitreti, kwa kuwa maji yanapungua na kemikali inabaki. Mama anayemtengenezea mtoto wa chini ya miezi 6 maziwa ya unga kwa maji yenye nitreti nyingi hawezi kumlinda kwa kuchemsha. Damu ya mtoto inaweza kushindwa kubeba oksijeni na ngozi ikageuka rangi ya samawati. Nazo chumvi nyingi si suala la ladha tu. Utafiti katika pwani ya Bangladesh umehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito.

Mambo ya kufanya

1. Kamati ya kisima iwe na daftari. Iandike tarehe, saa, kiwango cha chumvi, na kama bahari imejaa au imekupwa. Nambari moja haisemi mengi. Nambari za mwaka mzima zinaonyesha kisima kinakoelekea.

2. Pimeni angalau mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kaskazi maji yakiwa machache, na baada ya mvua za masika, wakati uchafu husombwa kuingia ardhini.

3. Chumvi ikipanda, punguzeni kuvuta kwa mpigo mmoja. Kuchimba kisima kiende chini zaidi kunaweza kukukaribisha kwenye maji ya bahari.

4. Choo kikae mbali na kisima. Mita 30 hutajwa mara nyingi, lakini kwenye mwamba wenye nyufa umbali huo unaweza usitoshe. Ombeni ushauri kabla ya kuchimba.

5. Maji ya mvua yavunwe kwa paa na mfereji safi, hasa kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Hayo nayo yatiwe dawa au yachemshwe.

6. Hata nambari zikiwa nzuri, tibuni maji ya kunywa dhidi ya vijidudu.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo daftari la kamati si la kufungiwa kabatini. Nambari zikibadilika ghafla, lipelekeni kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu au ofisi ya maji, na muombe sampuli ichukuliwe kwa vipimo vya maabara. Malalamiko kwamba "maji yameharibika" ni rahisi kuahirishwa. Ukurasa unaoonyesha chumvi ikipanda mwezi baada ya mwezi unadai jibu.