Kwa nini mwanafunzi Mchina anamwita baba yake "she"?

Tuseme unaishi hapa Mbalizi, una digrii yako, na fundi mkuu Mchina kwenye mradi wa barabara anakuomba umfundishe Kiingereza jioni. Yeye ana miaka 55, wewe 28. Siku ya kwanza anakuelezea baba yake: "She is farmer." Utacheka?

Usicheke bwana. Mtu mzima akichekwa leo, kesho haji. Halafu kosa lenyewe ni lako pia.

Kichina sanifu hutamka neno moja, ta, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Alama za maandishi ni tofauti, ila sikio halisikii tofauti yoyote. Na sisi je? "Amefika." Nani, kaka au dada? Kiswahili hakisemi. Ndiyo maana hata Mtanzania aliyesoma huteleza kwenye "he" na "she" akiongea haraka. Ile "a" iliyokosekana kabla ya "farmer" nayo haipo kwenye Kichina, wala kwetu haipo.

Matamshi ni hivyo hivyo. Silabi ya Kichina huishia kwa irabu, au kwa n, ng na r tu. Kiswahili nacho hupenda irabu mwishoni. Kwa hiyo "bus" kwetu ikawa basi, na kwao jina lake mojawapo ni bashi.

Mnapoachana ni kwenye wakati. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo: ni kama kusema "jana mimi enda". Sisi tuna -li- na -ta-, kwa hiyo tumezoea kitenzi kubeba wakati. Mwache aanze na "yesterday", kisha muulize kitenzi kibadilike vipi.

Sasa adabu. Akikuuliza kwa Kichina "umekula?", usisubiri sahani. Ni salamu tu, kama sisi tunavyojibu "nzuri" tukiulizwa habari za nyumbani hata kama mambo ni magumu. Kwake mwalimu huheshimiwa hata akiwa kijana. Kwako mkubwa ndiye anayepewa shikamoo. Basi mpe shikamoo yake, naye akuite mwalimu, hakuna anayepungukiwa. Akikupa kikombe cha chai kwa mikono miwili, kipokee kwa miwili. Hilo hukufundishwa na Mchina, ulifundishwa na bibi yako.

Haya si mageni Mbeya. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975, na inapita hapa kwetu.

Kiingereza ni lugha ya ugenini kwenu wote wawili, na hiyo ndiyo faida yako: unajua kwa nini kinamtatiza. Akisema tena "she", muulize taratibu: "Ta yupi, baba au mama?" Atacheka mwenyewe, na wiki ijayo atarudi.