Afya: Namna woga unavyoamsha maumivu kwa mgonjwa wa SS

Kwa mgonjwa wa drepanositozi, ambaye wengi wanamuita mgonjwa wa SS, woga hauishii moyoni. Unafika mpaka ndani ya damu. Ndivyo walivyoonyesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, nchini Marekani, mwaka wa 2004.

DRC ni moja ya nchi tatu zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, pamoja na Nijeria na India. Chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni. Zikiziba mishipa midogo, maumivu makali yanaanza: mifupa, kifua, tumbo.

Wazazi wanajua kwamba baridi, kiu, uchovu na malaria vinaweza kuleta maumivu hayo. Mshtuko pia unaweza. Lakini mtoto anapolia baada ya usiku wa kukimbia risasi, kuna wanaosema anajidekeza, ao amerogwa.

Jibu moja liko kwenye adrenalini. Mwili huimwaga katika damu mtu anapoogopa, na mishipa ya fahamu pia huitumia kupelekeana ujumbe. Juu ya utando wa chembe nyekundu kuna vipokezi vyake, vinavyoitwa beta-2, vinavyofanya kazi kama kufuli inayongoja ufunguo. Chembe nyekundu haina kiini wala haiungani na neva, kwa hiyo kwa muda mrefu ilionekana kama gunia tu la kubeba oksijeni. Kumbe inasikia ujumbe wa woga.

Adrenalini ikigusa kipokezi hicho kwenye chembe ya mgonjwa wa SS, ishara inaingia ndani na kuamsha protini ya juu ya chembe iitwayo LW. Hapo chembe inanata kwenye ukuta wa mshipa, na njia ya damu inaanza kuziba. Katika majaribio hayo, chembe za watu wazima wa afya hazikunata hivyo.

Watafiti hao walijaribu pia propranolol, dawa ya zamani ya moyo na presha inayofunga kipokezi hicho. Katika utafiti mdogo uliotolewa mwaka wa 2012, ilipunguza kunata kwa chembe za wagonjwa. Hata hivyo, haijawa dawa ya kawaida ya SS. Inaweza kubana pumzi ya mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo mzazi asimpe mtoto bila munganga.

Si kila woga unaleta maumivu. Lakini mtoto wa SS aliyeshtuka anahitaji maji ya kutosha, nguo ya joto na mtu wa kumtuliza. Akipata homa, maumivu ya kifua ao shida ya kupumua, apelekwe hospitali bila kukawia. Maumivu yake ni ya kweli, na yana chanzo ndani ya damu.