Usiku wa mizinga Yanshui

Mama mwenye nyumba niliyofikia alinivika mwenyewe. Koti zito la pamba, glovu za ngozi, taulo shingoni mizunguko miwili, kisha helmeti ya pikipiki yenye kioo kinachoshuka hadi kidevuni. Koti langu la mvua aliliweka kando, akanionyesha kwa vidole jinsi nailoni inavyoyeyuka na kugandia ngozi. Mwisho akanizungushia mkanda wa gundi kwenye vifundo vya mikono, moto usipate pa kuingilia, akanipiga kofi la begani. Haya, nenda.

Yanshui ni mji mdogo wa Tainan, kusini mwa Taiwan. Jina lake lina maana ya maji ya chumvi, na mtu wa Mombasa halisikii asikumbuke Maji ya Chumvi yetu, njia ya kwenda Nairobi. Zamani ulikuwa bandari mashuhuri, Yuejin, bandari ya mwezi. Tope likaijaza, vyombo vikahama, na maji yaliyobaki katikati ya mji sasa hupambwa kwa taa kila msimu wa mwaka mpya wa Kichina. Nilipita hapo magharibi ikiingia. Taa zilielea juu ya maji na nyingine zikaning'inia hewani, watoto wakikimbizana ukingoni, na juu ya mapaa mwezi mpevu, maana sherehe ya fataki niliyoijia huangukia tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina. Ukiishia pale utasema umeona mji mpole kuliko yote duniani.

Mitaa michache kutoka pale, ardhi ilikuwa inatetemeka.

Wenyeji huziita fataki zao mizinga ya nyuki. Neno hilo kwetu limebeba mambo mawili, asali na vita, na yote mawili nimeyaona Yanshui. Mzinga ni fremu kubwa, mingine mirefu kupita mtu, iliyopangwa roketi ndogo za kijiti kwa maelfu, vichwa vikitazama barabarani, tambi zikiwa zimeunganishwa. Hazielekezwi mbinguni. Zinaelekezwa kwa watu, na watu wamekuja kwa ajili hiyo, kwani kupigwa ni kupata baraka.

Kwanza ilifika machela ya mungu wao, Guan Yu, jemadari wa China aliyeuawa yapata mwaka 220 na baadaye akaabudiwa. Vijana walioibeba waliisukasuka mbele ya duka moja. Mwenye duka akaubandua mzinga wake karatasi nyekundu iliyoufunika, ikachomwa chini ya machela. Kisha utambi ukawashwa.

Sauti ile si mlipuko. Ni mlio wa nyuki waliochokozwa, unaokua mpaka unakuwa ukuta. Roketi zilinigonga kifuani, magotini, kwenye kioo cha helmeti, kama changarawe inayorushwa kwa hasira. Jirani yangu alinishika mkono akanifundisha kurukaruka bila kukoma, kwa sababu ukisimama tuli roketi hukwama kwenye mkunjo wa nguo na kukuunguza. Tukaruka sote, mamia yetu, ndani ya moshi wa baruti usioruhusu kuona hata mkono wako. Kila mwaka wapo wanaoumia, hata waliojifunika vizuri. Niliogopa, tena sana.

Lakini hofu ndiyo iliyouanzisha usiku huu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1885, baada ya kipindupindu kuuandama mji kwa miaka, watu walimwomba Guan Yu atoke hekaluni, wakamtembeza mitaani usiku kucha wakilipua fataki mpaka ugonjwa ukakoma. Wapo wanaosema moshi wa baruti ndio uliosafisha hewa. Mwaka mmoja tu kabla, 1884, Robert Koch alikuwa ametangaza kutoka India kwamba amemwona mdudu wa ugonjwa huo majini, ila habari hiyo ingemfikiaje mchuuzi wa Yanshui anayezika wanawe? Pwani yetu inaijua hali hiyo. Kipindupindu kiliua maelfu Unguja mwaka 1869 na 1870, na waliobaki walishika dua, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kushika. Ndiyo maana siwezi kuuita usiku ule vurugu, kama nilivyosikia wageni wenzangu wakisema. Ile ni dua, iliyopazwa kwa sauti ambayo ugonjwa ungeisikia.

Mzinga uliisha kwa dakika chache. Moshi ulipopungua nilimwona mwenye duka ameinamia machela, viganja vimekutana. Binti yake, aliyejua Kiingereza, aliniambia baba aliweka nadhiri mwaka uliopita, mama alipokuwa mgonjwa. Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, amevaa helmeti, ameshika ufagio. Machela ilipopinda kona alianza kufagia vijiti barazani, akivikusanya taratibu kwenye ndoo.