Dizeli ikipanda, nauli ya tenga ipande kiasi gani?

Leo tuongee mafuta, maana yanakula faida yako hata kama huna gari.

Jumatano moja, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa Kariakoo na kikundi cha vijana wa Mlandizi tukishusha nyanya, matenga 60. Dereva wa Canter akasema, "Jamani, EWURA wamepandisha mafuta. Kuanzia leo kila tenga mia tano juu." Mwenyekiti wa kikundi akanitazama mimi, bwana shamba wao. Nikakosa la kusema. Tukatoa elfu thelathini ya ziada, basi.

Baadaye nikakaa chini nikapiga hesabu. Nilijisikia vibaya.

Bei inapangwaje?

Tanzania mafuta ya magari yote tunaagiza nje. Yanakuja kwa meli chini ya mfumo wa uagizaji wa pamoja, yanashushwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. EWURA wanachukua gharama ya kununua na kusafirisha, thamani ya shilingi dhidi ya dola, kodi na tozo, na faida ya wauzaji. Wakishajumlisha wanatangaza bei kikomo. Bei mpya inaanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kikomo maana yake ni dari. Sheli haruhusiwi kuuza juu ya hapo, ila chini yake ni ruksa kushindana. Na kila mji una kikomo chake kwa sababu ya gharama ya kusafirisha kutoka bandarini, kwa hiyo usichukue bei ya Dar ukabishana nayo Iringa.

Jambo lingine: kodi na tozo nyingi za mafuta ni shilingi kadhaa kwa lita, siyo asilimia. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Hizo hazisogei soko la dunia likishuka. Ndiyo maana mafuta yakishuka nusu huko nje, hapa kwetu hayashuki nusu.

Sasa hesabu ya tenga

Mlandizi hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, tuchukulie kilomita 120. Canter ile, kwa mzigo na foleni ya barabara ya Morogoro, inakwenda kama kilomita 6 kwa lita. Hiyo ni lita 20. Tuseme dizeli imepanda shilingi 150 kwa lita:

- Lita 20 × 150 = shilingi 3,000 kwa safari nzima.
- Shilingi 3,000 ÷ matenga 60 = shilingi 50 kwa tenga.

Hamsini! Sisi tulilipa mia tano. Elfu ishirini na saba ilikwenda kwa safari moja, kwa kutojua tu. Na mafuta ya safari ile alijaza Jumanne jioni, kabla bei mpya haijaanza.

Msikimbilie kumwita dereva mwizi. Tulipokaa naye alitueleza: tairi, oili, foleni, kurudi mtupu. Ni kweli kabisa. Lakini hizo ni gharama za kuzungumza peke yake, zisifichwe nyuma ya EWURA.

Ufanye nini

1. Jumatano ya kwanza ya mwezi angalia kikomo cha mji wako. Piga *152*00# au soma tangazo la EWURA.

2. Jua gari linakula lita ngapi. Mwombe dereva ajaze tenki hadi juu, mwende sokoni mrudi, kisha ajaze tena hadi juu pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo za safari. Chukua risiti.

3. Andikianeni makubaliano: nauli ya msingi, na kila bei ikibadilika mnaongeza au kupunguza lita za safari mara tofauti ya bei. Neno "kupunguza" liwemo.

4. Punguza lita zenyewe. Hapa kuna pesa kuliko kwenye kubishana. Ingieni mjini kabla foleni haijaanza, upepo wa tairi ukaguliwe, na gari lisirudi mtupu. Kariakoo imejaa maduka ya pembejeo, na jirani zako wanahitaji mbegu, dawa na mabomba. Wakichangia nauli ya kurudi, tenga lako linapumua.

5. Usisafirishe nusu gari. Lita 20 zile zile ukizigawa kwa matenga 30, gharama ya mafuta kwa kila tenga inakuwa mara mbili.

Kikundi kile sasa kina karatasi ya makubaliano, na dereva ni yule yule. Mwezi bei ilipopanda aliongeza hamsini. Iliposhuka ilibidi tumkumbushe, akacheka kidogo, akapunguza.

Kwa hiyo kabla Jumatano ya kwanza haijafika, ulizia gari lako linakula lita ngapi. Ukiambiwa mafuta yamepanda, uwe na kalamu mkononi. Kazi njema.